Nilikalia jiwe la miaka 2,300 nikacheka mzaha wa miaka 2,400: uzi wa vichekesho vya Ugiriki ya kale

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, nitaushusha kwa vipande. Mwenye swali aulize tu, nitajibu humuhumu njiani.

Niliishi Athens miaka sita, mtaa wa Kypseli, nikifanya kazi jikoni kwenye hoteli. Niliyekuwa naosha naye vyombo alikuwa mama wa Kigiriki, umri wa mama yangu mzazi, na mama ndivyo nilivyomwita. Kiangazi kimoja akaniambia nisichukue zamu ya Jumamosi, twende Epidaurus, kwenye uwanja wa kale wa maigizo, tukaangalie Ndege, tamthilia ya Aristophanes, mtunzi wa vichekesho wa Athens ya kale. Mimi Wagiriki nilikuwa nawajua kwa tanzia tu. Nilishasoma Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi, na kichwani mwangu Ugiriki ya kale ilikuwa nchi ya watu wanaojitoboa macho. Kwamba walikuwa na vichekesho, tena vyenye matusi ya nguoni, hilo lilikuwa jipya kwangu.

Basi lilichukua zaidi ya saa mbili. Unashuka penye misonobari, unapanda kilima kidogo, halafu uwanja unafunguka mbele yako: chini duara la udongo, na juu yake ngazi za mawe zimelizunguka nusu, zinapanda mpaka shingo inauma. Safu 55. Ulijengwa karne ya 4 KK, na ukijaa ulikuwa unachukua watu kama 14,000. Mama alikuwa amebeba mito miwili ya kukalia, maana jiwe ni jiwe, na mfuko wenye mkate wa jibini. Jua likazama, nyenje hawakunyamaza, na ilipofika saa tatu usiku taa zikawaka.

Kisa chenyewe: wanaume wawili wa Athens wamechoshwa na mji wao, kesi kila siku, madeni hayaishi. Wanaondoka kwenda kuishi na ndege, na mmoja wao anawashawishi ndege wajenge mji angani, katikati ya watu na miungu, ili moshi wa sadaka usipite bila idhini. Mji haujamaliza kujengwa, wageni wameshafika: kuhani, mshairi anayetaka apewe chochote, mtabiri na kitabu chake, mpima viwanja, mkaguzi wa serikali, muuza sheria. Siku ile mkaguzi aliingia na mkoba kwapani. Hajafungua mdomo, uwanja mzima ukacheka. Bibi aliyekaa mbele yetu alicheka mpaka akamshika mumewe bega. Nikamuuliza mama, mbona hajasema kitu? Akanijibu: "Huyu kila mtu hapa ameshamfungulia mlango."

Ndege ilichezwa mara ya kwanza mwaka 414 KK. Usiku ule ndani ya basi sikulala, na tangu hapo nimesoma zote 11 za Aristophanes zilizobaki kati ya kama 40 alizoandika. Ninachotaka kusema kwenye uzi huu ni kimoja: mizaha hii haikuhifadhiwa kwa sababu ni ya kale. Inaitwa tena kila watu wanapobanwa. Nitaonyesha.

#2 Mleta uzi

Kwanza mjue mambo yalivyokuwa.

Neno komedi tunalolitumia limetoka kwao. Kōmos ni msafara wa watu walevi wa sikukuu, wanaimba na kutaniana barabarani, na sehemu ya pili ya neno ni wimbo. Mwalimu wa fasihi akikufundisha tanzia na ramsa, yaani vichekesho, mgawanyo huo unatoka Athens, na ulikuwa na tarehe zake na bajeti yake. Vichekesho viliingizwa rasmi kwenye sikukuu kubwa ya mungu Dionysus mwaka 486 KK. Yalikuwa mashindano. Tajiri mmoja wa mji alipangiwa na dola kugharamia waitikiaji 24 (kundi la kuimba na kucheza jukwaani), mavazi na mazoezi. Waigizaji wote walikuwa wanaume, na vinyago usoni, matumbo na makalio ya kubandika, na dhakari ya ngozi ikining'inia mbele. Waamuzi walichaguliwa kwa kura ya bahati nasibu ili wasihongwe.

Katikati ya mchezo waigizaji wanatoka, waitikiaji wanasogea mbele na kusema na watazamaji moja kwa moja kwa niaba ya mtunzi. Wanasema kuhusu mji, wanataja watu kwa majina, na watu hao wamekaa palepale.

Mfano mzito ni Cleon, mwanasiasa aliyekuwa na nguvu kuliko wote Athens katika miaka ile ya vita na Sparta. Mwaka 426 KK Aristophanes alichezesha tamthilia iliyouchana uongozi wa mji mbele ya wajumbe wa miji washirika. Cleon akampeleka mbele ya Baraza. Mtunzi alikuwa kijana, pengine hajafika miaka 25. Miaka miwili baadaye akarudi na Wapanda Farasi. Humo kuna mzee anayeitwa Demos, maana yake Umma, ana kusikia hafifu na anapenda kusifiwa. Ana mtumwa mpya anayemdanganya huku akiwaibia watumwa wenzake. Mtumwa huyo ni Cleon, hafichwi hata kidogo. Tamthilia yenyewe inasema mafundi waliogopa kuchonga kinyago chenye sura yake. Anayemshinda mwishoni ni muuza soseji wa sokoni, kwa sababu ana sauti kubwa zaidi na aibu ndogo zaidi.

Cleon wakati huo alikuwa ametunukiwa haki ya kukaa viti vya mbele. Mtunzi akapewa zawadi ya kwanza.

#3 Mchangiaji

Mkuu, madini haya. Ila swali. Niliwahi kusoma kwamba Aristophanes huyuhuyu ndiye aliyechangia mwanafalsafa Socrates kuuawa. Sasa hapo tumsifie nini?

#4 Mleta uzi

Swali zuri, na ni sehemu inayoniumiza kila ninapoirudia.

Tamthilia ni Mawingu, mwaka 423 KK. Mzee wa shamba amefilisika kwa sababu kijana wake anapenda farasi wa mashindano. Anasikia kuna shule ya Socrates inafundisha namna ya kuifanya hoja dhaifu ishinde hoja ya haki, akaona hiyo ndiyo njia ya kuwakwepa wanaomdai. Anafika, anakuta wanafunzi wanapima kiroboto ameruka urefu wa miguu yake mingapi, na Socrates mwenyewe ananing'inia ndani ya kapu akitembea hewani. Mwisho wake kijana anafuzu, anampiga baba yake, na anathibitisha kwa hoja kwamba ana haki ya kumpiga. Mzee anachoma shule moto.

Miaka 24 baadaye, 399 KK, Socrates akashitakiwa kweli na akahukumiwa kunywa sumu. Katika utetezi wake kama alivyouandika Plato, anasema washitaki wake wa zamani ni wagumu kuliko wale waliosimama mbele yake siku ile, na anaitaja tamthilia ya Aristophanes, huyo Socrates wa jukwaani anayedai kutembea hewani.

Kwa hiyo ndiyo, ule mzaha ulikuwa na deni. Sitamtetea. Nitakuongezea mawili tu. La kwanza, siku ile Mawingu ilishika nafasi ya tatu, na maandishi tuliyonayo ni ya marekebisho aliyoyafanya baadaye, ambamo anawalaumu watazamaji kwa kutoielewa. La pili, Plato, aliyempenda mwalimu wake kuliko mtu yeyote, alipoandika juu ya karamu ya watu wanaozungumzia mapenzi, alimweka Aristophanes mezani pamoja na Socrates na akampa hotuba nzuri sana. Alfajiri inafika, wengine wameshalala, Socrates bado anabishana na Aristophanes na mwenzao mmoja kama mtu yuleyule anaweza kutunga tanzia na ramsa.

#5 Mchangiaji

Nimetega hapa. Ile ya mgomo wa wanawake ni ya huyuhuyu?

#6 Mleta uzi

Ni ya huyuhuyu, dada, na nilikuwa naielekea. Lysistrata, 411 KK. Miaka miwili tu nyuma Athens ilikuwa imepoteza jeshi zima na meli zake huko Sicily. Hakuna familia iliyokuwa haina kilio. Katika hali hiyo mtu anasimama na kichekesho kuhusu wanawake wa miji inayopigana, wa Athens na wa Sparta pamoja, wanaokula kiapo cha kuwanyima waume zao unyumba mpaka vita iishe. Kiapo hicho wanakila juu ya bakuli kubwa la divai.

Watu wengi wanaishia hapo. Wanasahau kwamba wanawake wazee nao wana kazi yao: wanaiteka ngome ya Acropolis, ambako hazina ya fedha za vita inatunzwa. Mgomo wa kitandani ni nusu ya mpango, nusu nyingine ni kuifunga hazina. Afisa wa dola anapokuja kufoka, Lysistrata anamweleza kwamba mji unasafishwa kama sufu. Kwanza unaiosha itoke uchafu wa kondoo, unachambua miiba, unachana mafundo ya waliojiunga kugawana vyeo, halafu unakusanya nyuzi zote, za wenyeji na za wageni wema, unazifunga pamoja, unafuma vazi la watu wote. Afisa anachukizwa. Wanawake walikuwa wameshamvika shela na kumpa kikapu cha sufu.

Kisha kuna Myrrhine na mumewe Kinesias. Mume amekuja amebanwa, hali yake inaonekana kwa kila mtu. Myrrhine anakubali. Ila ngoja nilete kitanda. Analeta. Ah, mkeka. Analeta. Mto je? Mume anasema mimi sihitaji mto. Mimi nahitaji, anasema, anaondoka tena. Blanketi. Marashi. Marashi haya siyo, nimekosea chupa, nisubiri. Anamuuliza kama atapiga kura ya amani. "Nitalifikiria." Myrrhine anaondoka na harudi. Nilimsomea mke wangu kipande hiki kwa Kiswahili changu cha hapohapo, akanisimamisha kwenye mto akasema rudia.

Sasa tazama ilivyofufuka. Tarehe 3 Machi 2003, Marekani ikijiandaa kuivamia Iraq, waigizaji wawili wa kike wa New York waliitisha watu waisome Lysistrata siku moja duniani kote. Ilisomwa zaidi ya mara 1,000, katika nchi 59, majumbani, makanisani, mitaani. Mwaka huohuo wanawake wa Liberia, Wakristo na Waislamu pamoja, waliovaa nyeupe na kukaa sokoni juani wakidai amani, waliweka mgomo wa unyumba miongoni mwa silaha zao. Leymah Gbowee aliyewaongoza alipata Nobeli ya Amani mwaka 2011. Mwaka 2015 Spike Lee alitengeneza filamu akaihamishia Chicago, kwenye vita vya magenge.

Na sisi wa huku tulishuhudia. Mwishoni mwa Aprili 2009 muungano wa mashirika ya wanawake Kenya, G10, ulitangaza wiki nzima ya kuwanyima waume unyumba ili kuwashinikiza Rais Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga waache kuvutana ndani ya serikali ya mseto. Ida Odinga, mke wa waziri mkuu, akaunga mkono. Mwanaume mmoja akaenda mahakamani kuwadai waandaaji fidia. Nilikuwa Athens wakati ule. Mama aliona habari kwenye televisheni ya jikoni, akaniita huku mikono inadondosha povu: "Njoo, Lysistrata yuko kwenu."

#7 Mchangiaji

Kaka nakuelewa, ila tuwe wakweli. Cleon alitukanwa akabaki na cheo. Vita ya Athens na Sparta haikuisha kwa Lysistrata. Kicheko kilisaidia nini?

#8 Mleta uzi

Mkuu, umegusa mfupa. Cleon hakubaki tu na cheo, alichaguliwa kuwa jenerali muda mfupi baada ya Wapanda Farasi kushinda. Watu walewale waliocheka ndio waliompigia kura. Na Gbowee mwenyewe ameandika kwamba mgomo wa unyumba haukuwa na athari kubwa kwa vitendo, ila uliwaletea waandishi wa habari. Vilivyobana zaidi ni kukaa sokoni siku baada ya siku, na kuziba milango ya ukumbi wa mazungumzo ya amani kule Accra, Ghana, wajumbe wasitoke.

Lakini kuna mwaka mmoja ambao kicheko kilisikilizwa, na tunao ushahidi wake. Mwaka 405 KK. Athens iko ukingoni. Euripides na Sophocles, watunzi wakubwa wa tanzia, wamefariki. Aristophanes anatoa Vyura: mungu Dionysus anashuka kuzimu kumtafuta mshairi mzuri wa kurudi naye mjini, kwa kuwa waliobaki hai hawafai. Anavuka ziwa kwa mtumbwi, anapiga makasia mwenyewe, na vyura wanamwimbia brekekekex koax koax mpaka anabishana nao. Huko chini Aeschylus, mtunzi wa tanzia aliyewatangulia, na Euripides wanagombea kiti cha ubora, na mizani inaletwa kweli jukwaani kupima ubeti wa nani una uzito.

Katikati, waitikiaji wanawageukia wananchi. Wanasema: warudishieni haki zao wale mliowanyang'anya uraia kwa makosa ya kisiasa. Mnafanya na watu kama mnavyofanya na sarafu. Zile za fedha safi mmeziweka pembeni, mnatumia za shaba zilizopigwa chapa jana.

Tamthilia ilipata nafasi ya kwanza, na kwa sababu ya maneno hayo ikaruhusiwa kuchezwa tena, heshima ambayo karibu hakuna mtunzi aliyeipata. Mwisho wa mwaka huohuo, meli zao zikiwa zimeshatekwa, Waathens walipitisha azimio la kuwarudishia haki waliofutwa. Walichelewa, 404 KK wakasalimu amri. Siwezi kusema kwamba azimio lilitokana na Vyura. Ila wazo lilikuwa limeshasemwa hadharani, kwa kicheko, na mji ukalibeba.

Upande wa pili, angalia nani anakiogopa kicheko. Agosti 1959 mwongozaji wa maigizo Karolos Koun alichezesha Ndege Athens, muziki wa Manos Hadjidakis, mapambo ya Yannis Tsarouchis. Yule kuhani niliyemtaja kwenye #1 aliimba kwa mahadhi ya kanisa la Kiothodoksi. Serikali ikaipiga marufuku baada ya onyesho moja. Maandishi ya miaka 2,372, na waziri anakosa usingizi. Miaka mitatu baadaye ikashangiliwa Paris, na mwaka 1975, utawala wa kijeshi umeshaanguka, Koun akaipeleka Epidaurus. Leo kiangazi hakipiti bila Aristophanes pale, na tafsiri inaandikwa upya ili majina ya waheshimiwa wa sasa yaingie. Waheshimiwa wenyewe huwa wamekaa mbele.

#9 Mleta uzi

Kuna tawi la pili nalipitia haraka, ingawa ndilo mnaloliona zaidi.

Baada ya Athens kupoteza uhuru wake wa kusema ovyo, vichekesho vilihama barabarani vikaingia nyumbani. Bingwa wake ni Menander, aliyezaliwa kama 342 KK. Hakuna Cleon tena. Kuna baba mkali, kijana aliyependa asipotakiwa kupenda, mtumwa mwenye akili kuliko bwana wake, mtoto aliyetupwa anayetambuliwa kwa pete. Kama umeangalia tamthilia ya jioni yoyote ile, umeshamwona Menander. Maandishi yake yalipotea karne nyingi. Mwaka 1905 huko Misri zilipatikana kurasa zake ndani ya mtungi, zimewekwa juu ya hati za wakili mmoja wa zamani kama kifuniko. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ikachapishwa tamthilia yake karibu nzima, ile ya mzee asiyetaka kuonana na mtu mpaka alipotumbukia kisimani, iliyokuwa imeshinda mwaka 316 KK.

Katika karne zote hizo alizokuwa hayupo, aliishi kupitia Roma. Plautus, mtunzi wa Roma, alimgeuza kwa Kilatini yeye na wenzake. Terence naye, ambaye jina lake la mwisho, Afer, linamaanisha mtu wa Afrika, na wasifu wake wa kale unasema alizaliwa Carthage akapelekwa Roma akiwa mtumwa. Tamthilia zake ni 6, nne kati ya hizo zimetoka kwa Menander. Kwa Plautus, Shakespeare alichukua mapacha, Molière akachukua bahili na kasha lake la dhahabu. Ukisoma Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, yule baba bahili ambaye binti yake anatoroka na kasha la mali usiku ni mtu ninayemtambua tangu jukwaa la Roma.

#10 Mchangiaji

Kaka umenishawishi. Mtu asiyejua Kigiriki aanzie wapi?

#11 Mleta uzi

Anza na Lysistrata au Ndege, na usisome kimya. Tafuta watu wanne, gawaneni sauti, someni kwa nguvu. Mawingu iache baadaye. Tafsiri za Kiingereza ziko nyingi, na yenye maelezo mengi chini ya ukurasa siyo lazima iwe bora, mzaha ukishaelezwa umeshakufa. Ukifika kwenye Bunge la Wanawake, mwishoni kuna neno moja la chakula lenye herufi 171 za Kigiriki, samaki, kuku, asali na mengine yote yameunganishwa. Lisome kwa pumzi moja.

Mama ameshastaafu. Kila mwaka akienda Epidaurus ananitumia kipande cha sauti kwenye simu. Mwaka juzi ilikuwa Vyura. Ni dakika moja hivi, sauti siyo nzuri. Mwanzoni ni nyenje tu. Halafu waitikiaji wanaanza, na kidogokidogo unasikia ngazi zote zinaitikia nao, brekekekex koax koax, na karibu kabisa na simu sauti ya mama anayeimba huku anacheka.